Chini ya Meza ya Mwalimu

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya karakana ya seremala. Kuta walikuwa wamezivika magodoro chakavu ili majirani wasilalamike, na majirani walilalamika vilevile. Vumbi la mbao lilipenya chini ya mlango likatua juu ya ngoma, kwa hiyo pigo la kwanza la kila siku lilirusha wingu dogo hewani, na mazoezi yalianza kwa kupiga chafya.

Walikuwa watatu. Mwimbaji, ambaye pia alipiga gitaa, aliitwa Kijiti kwa sababu ya wembamba wake. Mpiga ngoma aliitwa Radi. Jina hilo alijipa mwenyewe, na hakuna aliyempinga kwa kuwa alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa kununa. Mpiga besi alikuwa mwanamke, nao walimwita Nzito, si kwa umbo bali kwa sababu sauti yake ilikuwa ya chini na maneno yake ya kuhesabika.

Walikuwa wakitengeneza albamu ya roki iliyosimulia hadithi moja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho: siku za shule za mtoto mmoja. Ilianza na kengele ya asubuhi. Ikaja mistari ya uwanjani, kisha rafiki wa dawati, kisha furaha ya kujua kusoma. Mwishoni mtoto, sasa kijana, alikuwa akipita nje ya ukuta wa shule akiwasikia wenzake wakisoma kwa sauti. Katikati palikuwa na shimo. Katika wimbo wa nne mtoto aliipenda shule, katika wa sita alikuwa ameiacha, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Labda alifukuzwa," Radi alisema.

"Kwa kosa gani?"

"Kama langu. Mimi nilimwambia mwalimu wa sayansi kwamba mke wake ananijua vizuri."

"Wewe nawe! Anakujua vipi?"

"Si shangazi yangu! Lakini hakuningoja nimalize."

Kijiti alicheka. Nzito hakuwa akiwasikiliza sana, alikuwa akikaza nyuzi za besi. Mtu anayekaza nyuzi hupiga chochote kilichomo vidoleni, kama afuaye anavyoimba bila kuchagua wimbo. Vidole vyake vilipiga mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu, vikanyamaza, kisha vikapiga tatu za haraka zilizokaribia kujikwaa. Akarudia. Alipomaliza kukaza uzi wa mwisho aliendelea kurudia, kwa kuwa mdundo ulikuwa mtamu.

Kijiti aliacha kuzungumza katikati ya neno.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo unayopiga sasa hivi."

"Ipo tu. Ya nyumbani, tangu utoto."

 Ulikuwa mdundo wa baba yake Nzito. Jioni, mzee alipokuwa akisahihisha kazi za wanafunzi kwenye meza ya chakula, aligonga meza kwa rula huku akifikiri, na yeye, mtoto wa pekee, alikaa chini ya meza hiyo na kipande chake cha mkate, akisikiliza. Kitambaa cha meza kilining'inia pande zote kama hema. Hakuna mahali alipopapenda zaidi.

Kijiti alitoka nje. Walisikia bomba la seremala likifunguliwa na maji yakimwagika muda mrefu bila ndoo. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kifuani.

"Endelea," alisema. "Usibadilishe kitu."

Akaketi sakafuni, mgongo kwenye godoro, akaanza kuimba kwa mnong'ono huku akitafuta maneno. Kabla jua halijashuka wimbo ulikuwa umepatikana. Radi alisema hajawahi kuona mtu akijifungua upesi namna ile, tena bila mkunga.

Wimbo uliitwa "Chini ya Meza." Mtoto anaulizwa hesabu. Mwalimu anagonga rula mezani, na zile tatu za haraka zikifika kabla ya jibu, mtoto anatambaa chini ya meza ya mwalimu na kukaa humo mpaka kipindi kiishe. Kiitikio kilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu aliyekisikia mara moja alikishika:

*Gonga, mwalimu, gonga,*
*hesabu zinapanda juu,*
*mimi nipo huku chini*
*na jibu ninalo, jibu ninalo.*

Nzito aliupiga kwa furaha mpaka ubeti wa tatu.

*Huku chini nimejua*
*viatu vina nyuso:*
*cha kushoto kina mdomo*
*ulioshonwa kwa uzi mweupe,*
*nacho hakisemi neno.*

Vidole vyake vilisimama.

"Vipi?" Kijiti aliuliza.

"Nimeteleza. Samahani."

Kiatu hicho alikijua. Kilikuwa cheusi, na kilipasuka kidoleni siku ambayo nyumbani hapakuwa na uzi mweusi. Mama yake alikishona kwa mweupe, na yeye ndiye aliyetunga sindano, kwa sababu macho ya mama hayakuona tundu. Baba alikivaa hivyohivyo mwaka mzima. Akiulizwa, alijibu kwamba hesabu haiangalii viatu.

Mtu mwingine huenda angesema papo hapo. Nzito hakusema, na si vigumu kumwelewa. Baba yake alikataa kabisa kumsomesha katika shule aliyofundisha, akisema mtoto wa mwalimu asiaibishwe na baba yake mbele ya watu. Kwa hiyo hakuwahi kuiona meza ile nyingine. Yeye alimjua mwalimu wa jioni tu. Sasa alikuwa ameketi mbele ya mtu aliyemjua yule wa asubuhi, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Alianza kufika mazoezini wa mwisho na kuondoka wa kwanza, na Radi akamtania kwamba lazima kuna bwana anamngoja kwenye kona.

Walipomaliza kurekodi, fundi wa sauti alivua vifaa vyake vya masikioni akasema, "Zile nyingine ni nzuri. Hii ina meno."

Redio nazo ziliona hivyo. Zikaacha kengele, zikaacha rafiki wa dawati, zikaupiga "Chini ya Meza" asubuhi na mchana. Watoto waliuimba wakiruka kamba. Muuza nyanya alipoulizwa kama ana chenji alijibu, "Jibu ninalo!" na foleni nzima ikaitikia.

Siku moja Nzito alikuwa akiosha vyombo aliposikia baba yake akimwita kutoka sebuleni.

"Mama! Njoo, njoo haraka!"

Tangu mama yake afariki, mzee alikuwa amezoea kumwita binti yake hivyo. Alimkuta ameinama juu ya redio, kiganja kimelazwa kwenye spika. Masikio ya mzee yalikuwa yamechakaa kutoka juu kwenda chini. Sauti nyembamba zilitangulia kuondoka, ndege kwanza, kisha kengele ya simu, kisha maneno ya watu wanaosema upesi, na nzito zikabaki. Muziki ulimfikia kama unavyomfikia mtu aliye nyumba ya pili.

"Hii ni yangu!" alisema. "Unaisikia? Hii ni rula yangu!"

"Ndiyo, baba."

"Ni wewe unayepiga?"

"Ni mimi."

"Umeniweka kwenye muziki, mwanangu." Uso wake ulikuwa na mwanga ambao Nzito hakuwa ameuona tangu msiba. "Na hukuniambia!"

"Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka, mama. Nimeshtuka kweli."

Jioni hiyo mzee alitoka kununua sukari na hakurudi upesi. Alimwambia muuza duka. Alimwambia muuza nyama, aliyempunguzia bei kwa heshima ya muziki. Alimwambia kinyozi, ingawa nywele zake hazikuwa zikihitaji kinyozi. Kila alipofika aligonga meza kwa kidole, mbili fupi, moja ndefu, na kusema, "Hiyo! Hiyo ni yangu, nimeigonga miaka yote darasani." Watu walitazamana. Wengine waliitikia hongera, maana kumwambia mzee kitu kama kile si kazi ambayo mtu huikimbilia.

Jirani yao, fundi cherehani, hakuwa na haya nyingi hivyo. Mzee aliporudi, akamkuta Nzito uani akiosha vyombo, fundi alisimama kwenye ukuta wa uani na tepu yake ya kupimia shingoni.

"Mwalimu, hongera. Na maneno je, umeyapenda?"

"Maneno siyapati vizuri, mama fundi. Vijana wa leo wanaimba kama wamekanyagwa."

"Ahaa. Basi muulize binti yako. Yeye hayuko mbali." Akamtazama Nzito, akarudi kwenye mashine yake.

Mzee alimgeukia. "Kweli, yanasemaje?"

"Habari za shule tu, baba. Mtoto na mwalimu wake."

"Mwalimu mzuri?"

Mikono ya Nzito ilikuwa ndani ya beseni la vyombo. Aliiacha humo.

"Mwalimu wa hesabu."

"Basi mkali huyo!" Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaingia ndani kutafuta koti lake. Uzinduzi wa albamu ulikuwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa manispaa, naye alikuwa ameamua kwenda. Alilitundika koti mlangoni lipate hewa.

Nzito alilitazama koti lile. Jumamosi baba yake angeketi katikati ya watu wanaoimba aibu yake kwa furaha, naye angekuwa mtu pekee ukumbini asiyeijua. Angekuwa akitabasamu, pengine akiwagusa walio karibu na kuwaambia, "Hiyo ni yangu." Ama mtu angemweleza palepale. Ama angeelezwa kabla, na wa kumweleza hakuwepo mwingine.

Kwanza alijaribu njia fupi. Siku iliyofuata aliwaambia wenzake, "Jumamosi tusiupige 'Chini ya Meza.'"

"Umelala vizuri wewe?" Radi aliuliza. "Watu wanakuja kwa ajili ya huo! Ni kualika watu harusini halafu unamficha bibi harusi."

"Kwa nini tusiupige?" Kijiti aliuliza.

"Huyo mwalimu ni baba yangu."

Radi alivitazama vijiti vyake vya ngoma kana kwamba vingemsaidia kupata la kusema. Kijiti alilivua gitaa taratibu na kuliegemeza ukutani.

"Mwenye uzi mweupe?"

"Mweusi ulikuwa umekwisha. Mama alishona. Mimi nilitunga sindano."



"Hakuwahi kunipiga, ujue," Kijiti alisema. "Waliopigwa na walimu wengine walionyeshana alama wakati wa mapumziko, wakawa mashujaa. Mimi nilikuwa na nini cha kuonyesha? Hesabu nilizijua. Ulimi wangu ndio uliokuwa unachelewa. Zile tatu zikigongwa, basi, natambaa. Darasa linacheka, tena kwa ruhusa. Siku nyingine alinisahau. Aliondoka na vitabu vyake, akaingia mwalimu mwingine, akavuta kiti, akanikuta."

"Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yake nyumbani," Nzito alisema. Alitaka kunyamaza lakini alikuwa ameshaanza. "Mdundo huohuo. Nilikuwa naupenda."

"Nilijua. Si kwamba nilijua wewe ni binti yake, lakini nilisikia jinsi ulivyoupiga. Kilichonitoa nje siku ile ni hicho. Sikuwahi kuusikia ukipigwa na mtu anayeupenda."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Radi alisema kwa upole, kisha akajipiga paja. "Samahani, dada. Mdomo wangu huu ungekatwa."

Nzito aliuliza, "Nikisema tusiupige, utakubali?"

"Nitakubali. Vidole ni vyako. Lakini mtaani wataendelea kuuimba, na mzee atakuuliza kwa nini haukupigwa." Kijiti alikuwa akisugua viganja vyake magotini. "Watu wengi hawajui kwamba ni baba yako. Kwangu halitatoka. Ila mwambie wewe. Asije akaambiwa sokoni."

Nzito alienda nyumbani kwa miguu, njia ya mbali.

Alimkuta baba yake akipiga koti pasi. Alifunga mlango, akafunga dirisha la uani, kisha la mbele. Hili ndilo jambo ambalo hakuwa amelifikiria: maneno mafupi mzee huyapata kwa kutazama midomo, lakini maelezo marefu hayasikii. Kumweleza kulihitaji sauti kubwa. Aliketi karibu naye, mdomo kwenye sikio lake la kulia lililo nafuu.

"Baba, nataka kukuambia maneno ya wimbo."

"Ee?"

"MANENO YA WIMBO!"

"Ahaa! Sema, mama."

Akayasema, mstari kwa mstari, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani. Alipofika mahali mtoto anapotambaa, cherehani ya jirani ilinyamaza.

"Rudia hapo," mzee alisema.

"ANATAMBAA CHINI YA MEZA, BABA. WENZAKE WANACHEKA."

Mzee hakuomba arudie tena. Alichomoa pasi ukutani. Nzito aliendelea mpaka kwenye kiatu na uzi mweupe, na hapo mzee aliitazama miguu yake, ingawa alikuwa amevaa kandambili. Mwishoni akasema, "'Jibu ninalo.' Alikuwa nalo kweli?"

"Anasema alikuwa nalo."

"Ni nani?"

Nzito akamtajia jina la shuleni la Kijiti, na mwaka. Mzee alivua miwani, akafumba macho kama afanyavyo akitafuta kitu alichoweka vizuri mno. 

"Nawakumbuka watundu," alisema hatimaye. "Nawakumbuka hodari. Huyu simkumbuki, mama." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa mkuu wa shule: "Ulikuwa mzaha tu. Darasa lilichangamka. Walimu wa hesabu hawapendwi, unajua, lakini kwangu walicheka. Nilikuwa nafurahi wakicheka..."

Maneno yalimfikia mwenyewe, akayaacha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku wimbo ulipotungwa."

"Na nilipokwenda kwa muuza nyama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kwa kinyozi."

"Ndiyo, baba."

"Mtaa mzima nimeugongea meza." Alikishika kidole chake kwa mkono wa pili, kama kitu kilichoiba. "Ukaniacha."

Nzito aliinyoosha kola ya koti. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hawakusema nani ahudumie, wala mlaji atazamwe usoni vipi. Alitaka kusema kwamba alimwonea aibu, kisha akajionea aibu kwa kumwonea aibu, na hapo katikati siku zikapita. Maneno kama hayo hayawezi kusemwa kwa kupiga kelele.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilianza tena, polepole.

"Kesho nitakuja," mzee alisema.

"Si lazima, baba. Kweli tena."

"Najua si lazima."

Jumamosi walifika mapema. Chumba cha nyuma ya jukwaa kilikuwa stoo ya viti, na Kijiti alikuwa amesimama kati ya marundo mawili akifunga kamba za buti. Alikuwa na pete sikioni na fulana iliyochanwa kwa makusudi mabegani. Aliinua uso akamwona mzee mlangoni, akanyooka, mikono ikaenda nyuma yenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

Lilimtoka kabla hajaliruhusu. Rangi ilimpanda shingoni. Nzito aliona kwamba Kijiti angetoa chochote alimeze tena.

Mzee naye alifungua mdomo. Jibu la salamu ile kila mtu mzima huwa nalo tayari, hutoka bila kufikiriwa, na yeye amelitoa maisha yake yote kwa madarasa mazima yaliyosimama wima. Sasa lilikwama. Radi, aliyekuwa akitafuta kiti cha kumpa mgeni, aliganda na kiti hewani.

"Marahaba," mzee alisema mwishowe, chini sana, kama anayepokea kifurushi kilichoandikwa jina la mtu mwingine.

Akavua kofia. "Nimejaribu kukukumbuka tangu jana. Nimeshindwa. Sikutaka kuja kukudanganya kwamba nakukumbuka."

Ilibidi Kijiti apaze sauti ili asikike. "Tulikuwa wengi, mwalimu!" Mara akauma mdomo, maana yeye ndiye aliyekuwa ametafuta udhuru, na mzee hakuwa ameuomba.

"Niliyoyafanya nimeelezwa. Binti yangu amenieleza." Mzee alikuwa akiizungusha kofia kwa ukingo wake. "Samahani, baba." Alimwita baba, kama mtu anavyomwita mtoto mdogo anayembembeleza, na neno likawafikia wote likiwa limechelewa miaka mingi. Kijiti aliangalia pembeni.

"Niondoke?" mzee aliuliza.

Kijiti alifikiri. Ukumbini watu walikuwa wameshaanza kupiga miluzi.

"Hapana. Kaa. Ila ukikaa, kaa mpaka mwisho. Usitoke katikati."

"Sitatoka."

Walimweka safu ya mbele, kiti cha pembeni. Ukumbi ulikuwa umejaa, madirisha yamefunguliwa yote, na bado jasho lilikuwa likitiririka kwenye kuta. Walipiga nyimbo kwa mpangilio wake, kengele, mistari, dawati, kusoma. Watu walipiga makofi ya adabu, wakiwa wanangoja.

Wimbo wa tano ulianza kwa besi peke yake. Nzito alikuwa amejiambia ataupiga mkavu, bila utamu wowote, kama mtu anayesoma tangazo. Vidole vilikataa. Vilijua kupiga namna moja tu, ile ya chini ya hema la kitambaa, na mdundo ukatoka mtamu kama siku zote, akaona aibu kwa kila pigo. Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, wakakanyaga sakafu, mbili fupi, moja ndefu. Kijiti aliimba akiwa amefumba macho. Alipofika kwenye kiatu sauti ilimkatika kidogo, na watu wakadhani ni ufundi, wakashangilia.

Mzee alikaa. Kofia ilikuwa magotini, mikono juu ya kofia. Alizungukwa na watu waliosimama, akawa chini kama aliye shimoni. Msichana aliyekuwa karibu naye, mwenye rangi ya samawati kwenye kope, aliimba kwa nguvu za mwili mzima, na kila baada ya mistari miwili alimgusa mzee bega kumkaribisha. "Jibu ninalo! Mzee, imba! Jibu ninalo!" Mzee hakuimba, wala hakugeuka. Alikuwa akimtazama Kijiti mdomoni, akiyafuata maneno aliyofundishwa na binti yake jana yake.

Wimbo ulipokwisha makelele yalichukua muda kupungua. Kijiti alikuwa akilegeza uzi wa gitaa kwa ajili ya wimbo wa sita. Katika upenyo huo msichana aliketi, akajipepea kwa mkono.

"Mzee, umekaa kama umemwagiwa maji! Kwani nawe ulikuwa na mwalimu kama yule?"

Mzee alimtegea sikio. Msichana akarudia kwa sauti zaidi.

"Mwalimu ni mimi," mzee alisema.

Watu wasiosikia vizuri hawajui sauti yao ina ukubwa gani. Safu tatu za mbele zilisikia. Msichana alicheka, wenzake wakacheka, kijana mmoja nyuma yao akampiga mzee mgongoni kwa furaha. "Eti ni yeye! Huyu mzee ana utani, jamani!"

Mzee hakurudia. Aliwaacha wacheke. Walikuwa wakicheka mbele yake, pande zote, na yeye alikaa tu.

Nzito aliyaona yote kutoka jukwaani. Radi alikuwa ameshainua vijiti. Ilikuwa rahisi kuanza wimbo wa sita, mzaha ungebaki mzaha, na kesho hakuna ambaye angeukumbuka. Baba yake hakumtazama kuomba chochote. Angemtazama, pengine ingekuwa rahisi zaidi kukataa.

Alisogea kwenye maiki ya Kijiti, ambayo hakuwahi kuisogelea.

"Hatanii," alisema.

Waliokuwa mbele walinyamaza. Nyuma mtu alikuwa bado akipiga miluzi.

"Ni mwalimu kweli. Na ni baba yangu."

Msichana aliuondoa mkono wake begani kwa mzee. Hakujua auweke wapi, akauweka mdomoni mwake mwenyewe. Kama mzee alisikia au aliona tu nyuso zikimgeukia moja baada ya nyingine, Nzito hakuweza kujua. Radi alimtazama Kijiti, Kijiti akamtazama Nzito, akatikisa kichwa kuashiria ndiyo, na ngoma zikaanza.

Mzee aliinamisha uso, akabaki hapo alipokuwa, kama alivyoahidi. Nyimbo zilikuwa bado.